Mito ya mchanga: Njia nyepesi za kutembea kwa miguu Kitui na Makueni

MGENI anayesafiri kwenda Kitui mwezi wa Agosti huvuka madaraja ambayo chini yake hamna hata tone la maji. Huona mchanga mweupe uliotandazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, punda wamesimama katikati ya mto, na watoto wenye mitungi ya manjano wamechutama kando ya shimo. Aghalabu huuliza: mto wenyewe uko wapi?

Jibu ni kwamba mto uko pale pale anapoutazama. Umelala chini ya mchanga, na hakuna njia bora ya kuuelewa kuliko kushuka garini na kuufuata kwa miguu.

Makala haya yanaeleza njia chache za kutembea katika kaunti za Kitui na Makueni, zinazopita kando ya mito ya msimu, chemchemi na mitaa ya watu. Ni njia nyepesi. Hazihitaji hema, kamba wala viatu vya bei ghali, na asubuhi moja inatosha kwa kila mojawapo. Ya mwisho itatutoa nje ya Ukambani hadi kwenye ghuba ya Malindi, kwa kuwa huko ndiko maji ya Makueni yanakoishia, pamoja na udongo wake.

Pengine msomaji atashangaa kusikia maeneo haya yakihesabiwa miongoni mwa ardhi oevu. Kwa wengi, ardhi oevu ni Ziwa Naivasha au delta ya mto Tana, mahali penye matete na viboko. Hata hivyo, mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka wa 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1990, hautaki maji yawepo mwaka mzima. Unatambua maeneo yenye maji ya kudumu na yale yenye maji ya muda. Kwa kipimo hicho, mto unaotiririka wiki chache tu kwa mwaka unastahili kuhesabiwa.

Kitui na Makueni hupata mvua mara mbili kwa mwaka: zile ndefu za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Ukambani hutegemea zaidi za pili, ijapokuwa zinaitwa fupi. Katikati ya misimu hiyo, mito mingi hukauka juu na kubaki na maji chini.

Maji yanavyojificha

Mchanga mkavu mkononi huonekana kama kitu kisicho na nafasi. Ukweli ni kwamba kati ya chembe na chembe mna matundu, na mto unapofurika matundu hayo hujaa maji. Katika mchanga wa chembe kubwa, maji yanaweza kuwa kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wote.

Jua la Ukambani hukausha sehemu ya juu tu. Maji yaliyo chini zaidi hubaki kwa miezi mingi, bila mbu kupata pa kutagia mayai na bila mifugo kuyachafua kwa urahisi. Bwawa la kawaida lililo wazi halina bahati hiyo.

Wakamba walilijua jambo hili kabla ya mhandisi yeyote kulichora kwenye karatasi. Huchimba shimo katika mchanga hadi maji yajichuje na kukusanyika chini, kisha huyateka kwa kibuyu au kikombe. Kisima cha namna hiyo hukiita kithima. Baadhi huzungushiwa miiba ili punda na mbuzi wasiingie.

Hata nyani wanaijua siri hii. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mnamo Desemba 3, 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, alirudi Ukambani mwaka wa 1851 na kusafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Kivoi aliuawa njiani na msafara ukatawanyika. Krapf alijikuta peke yake nyikani, akabeba maji ndani ya mfuko wa darubini yake na mitutu ya bunduki. Maji hayo yalipomwishia, aliokolewa na shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba katika mchanga wa mto uliokauka.

Ustadi huo wa kale ndio uliozaa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuukata mto mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija, tope jepesi hupita juu ya ukuta na kwenda zake, ilhali mchanga mzito hutua nyuma yake. Baada ya misimu michache, nyuma ya ukuta hujaa mchanga tupu, na mchanga huo hujaa maji.

Jambo ambalo wageni hulikosa ni kwamba ukuta hauhifadhi maji ya pale tu. Maji husukumwa pia kuingia katika kingo za mto, kiasi kwamba visima vilivyo mbali kidogo hupanda na miti ya kando husitawi. Shirika la SASOL limesaidia wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya kuta hizi tangu miaka ya tisini. Katika eneo la Machakos na Makueni, kundi la Utooni lilianza juhudi za namna hiyo mwaka wa 1978. Kazi yenyewe hufanywa kwa mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, ambapo kila nyumba hutoa mikono.

Kitui: kutoka sokoni hadi mtoni

Njia ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, huanzia mjini Kitui. Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi zake ni za baridi ya kupendeza. Teremka kutoka katikati ya mji kuelekea Kalundu, jina linalobebwa na mto na soko pia.

Hapa mtembeaji haendi porini. Anapita kwenye vibanda vya mitumba, karakana za mafundi, nyumba za kupanga, kisha ghafla anakutana na ukanda wa kijani: migomba, mabingobingo ya ng'ombe, sukumawiki na miwa. Ukanda huo ni mwembamba na haudanganyi. Popote unapoyaona mabingobingo yakiwa mabichi mwezi wa Septemba, chini yake pana maji.

Uzuri wa Kalundu umechanganyika na aibu ya miji yetu mingi, kwa maana mifuko, chupa na maji machafu ya mitaani huteremka huko huko mtoni. Sioni sababu ya kumficha mgeni jambo hilo. Afadhali aone kwamba mto huo huo unaobeba taka za soko ndio unaonywesha mboga zinazouzwa sokoni.

Anayetaka mto mpana zaidi atoke nje ya mji. Mito kama Nzeeu, Kiindu na Tiva ina vijia vilivyokanyagwa na punda kwa miaka mingi, na punda, tofauti na binadamu, hapendi kupanda mwinuko bila sababu. Ukifuata njia ya punda, umefuata njia iliyo nyepesi kuliko zote hadi kwenye maji.

Kutembea juu ya mchanga wenyewe kunachosha misuli ya miguu. Shika ukingo, na uteremke mtoni pale tu penye ukuta wa bwawa au penye kithima. Viatu vya akala vinatosha kabisa, na pengine ni bora kuliko raba, maadamu mchanga huingia na kutoka bila kusumbua.

Kuna adabu za njia hizi. Kingo za mto hulimwa na familia, kwa hiyo mtembeaji anapita karibu na shamba la mtu, wakati mwingine karibu na mlango wake. Salimu kwanza. Mwanamke wa makamo huitwa mwaitu, yaani mama, na neno hilo pekee hufungua milango mingi. Usiingize mguu wala mkono ndani ya kithima, usipige picha ya anayeteka maji bila idhini yake, na uwapishe punda waliobeba mizigo. Wao wako kazini. Wewe unatembea tu.

Maji ya kithima huonekana safi kwa sababu mchanga umeyachuja. Hata hivyo, kuchujwa si kutakaswa. Beba maji yako, au uyachemshe yale utakayopewa.

Katika baadhi ya maeneo utakuta mkuyu au mumo mkubwa ulioachwa peke yake huku miti mingine yote ikiwa imekatwa. Huenda ni ithembo, mahali pa ibada za jadi za Wakamba. Usivunje tawi wala usiketi chini yake kula chakula chako kabla ya kuuliza wenyeji.

Wengi humalizia safari ya Kitui kwenye mwamba wa Nzambani, ulio nje ya mji. Umewekewa ngazi za chuma, na aliye na pumzi ya kawaida hufika juu bila taabu, ingawa anayeogopa kimo afikirie mara mbili. Masimulizi ya wenyeji ni kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Kutoka juu, mistari ya kijani inayokatiza tambarare ya kahawia huonyesha waziwazi mahali mito ilipo, hata ile isiyo na maji yanayoonekana. Laiti wanafunzi wa jiografia wangeletwa hapa kabla ya kuandikiwa ubaoni maana ya bonde la mto.

Mto unapoamka

Wepesi wa njia hizi una masharti, na sharti kuu ni msimu.

Jumamosi ya Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika, katika eneo la Mwingi. Lilisombwa mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Mto wa msimu huua kwa sababu haufanani na mto. Mvua hunyesha vilimani, mbali na anapotembea mtu, na maji husafiri kwa saa kadhaa juu ya ardhi ngumu isiyoyanywa upesi. Hufika mahali ambapo anga ni safi na jua linawaka. Anayekaa katikati ya mchanga akila chungwa huenda asione wingu lolote.

Dalili zipo. Kwanza husikika mngurumo wa chini, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Kisha huja ulimi wa maji ya kahawia wenye povu, vijiti na majani makavu mbele yake. Ulimi huo waweza kuonekana mwembamba, lakini haumpi mtu nafasi ya kukusanya mizigo. Ondoka ulivyo, panda ukingo, na usirudi kuchukua kiatu.

Baadaye hufuata kishawishi kingine, cha kuvuka kwa sababu maji yanaonekana kufika magotini tu. Maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, na chini yake mchanga unahama, hivyo palipokuwa na kina kifupi asubuhi huenda pana shimo adhuhuri. Wenyeji huketi ukingoni wakasubiri, hata kama ni hadi kesho yake. Mgeni mwenye haraka na awatazame wao.

Kwa hiyo kati ya Oktoba na Desemba, na tena kati ya Machi na Mei, tembea ukingoni pekee. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama, na asubuhi zake zina mawingu mepesi ambayo hupunguza joto.

Mchanga unapoondoka

Mtembeaji atakayefuata mito hii kwa uangalifu ataanza kutambua tofauti. Kuna mahali mto umejaa mchanga hadi karibu na nyasi za ukingoni, na visima ni vifupi kiasi kwamba mtoto huteka maji akiwa amepiga magoti. Kisha, pengine baada ya kona moja tu, mwamba mtupu umejitokeza, mizizi ya miti inaning'inia hewani, na nguzo za daraja zimeachwa wazi kama miguu ya kuku. Alama za magurudumu ya malori huteremka hadi katikati ya mto.

Hapo mchanga umechotwa. Nairobi na miji inayoizunguka hujengwa kwa saruji, na saruji haishiki bila mchanga. Ule wa mito ya Ukambani hupendwa kwa chembe zake kubwa na safi, na ni sifa iyo hiyo inayoufanya ushike maji vizuri. Lori moja linapoondoka na mchanga, limeondoka pia na nafasi ambayo maji yangehifadhiwa mwaka unaofuata, na ule wa baada yake.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu kijana anayepakia lori kwa sepetu bila kuuliza alichokikosa. Katika msimu ambao mahindi yamekauka, kupakia mchanga ni miongoni mwa kazi chache zinazolipa jioni ile ile. Anayelipa gharama ni mamaye na dadaye, wanaoongeza saa kwenye safari ya maji.

Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Mzozo kati ya wachotaji na wanaoutetea mto umewahi kumwaga damu katika maeneo haya, kwa hiyo si suala la kufanyia mzaha. Mtembeaji akikuta malori mtoni asianze kupiga picha wala kuhojiana na mtu. Apite, na akiona haja atoe taarifa kwa afisa wa eneo.

Makueni: maji kutoka kilimani

Sehemu ya Makueni iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa ina ardhi oevu za aina nyingine kabisa, na kwa macho ya mgeni ndizo nzuri zaidi. Chanzo chake ni vilima vya Chyulu.

Chyulu ni vilima vya volkano, vichanga kwa umri wa kijiolojia. Inakadiriwa kwamba mlipuko wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19. Mawe yake yamejaa matundu kama sifongo. Mvua na ukungu vikiangukia huko juu, maji huzama moja kwa moja, hivyo hakuna mto unaotiririka juu ya vilima vyenyewe. Huibuka chini kwenye nyayo zake, yakiwa baridi na maangavu. Mzima, iliyo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi na ambayo imekuwa ikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya hamsini, ndiyo chemchemi mashuhuri kuliko zote. Ndugu zake walioko Makueni ni Kiboko, Makindu na Umani.

Kiboko iko takriban kilomita 160 kutoka Nairobi. Utaitambua kwa miti mirefu ya migunga yenye gome la manjano inayosimama ghafla katika nchi ya vichaka. Wazungu wa kwanza waliuita mti wa homa, wakidhani kwamba ndio uliowaletea malaria. Kosa lao lilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa mgunga huo hupenda kusimama palipo na maji karibu, na palipo na maji pana mbu.

Kando ya maji yaliyozuiwa hapo ilijengwa nyumba ya wageni na J. A. Hunter, mwindaji ambaye jina lake halitamkwi kwa furaha na wapenzi wa wanyama. Katika miaka ya arobaini serikali ya kikoloni ilimtuma kuwaua vifaru wa Makueni ili nchi ipatikane kwa makao ya watu, na aliangusha karibu elfu moja. Leo anayetaka kumwona kifaru hana budi kwenda katika hifadhi zenye ulinzi mkali. Waliobaki Kiboko ni ndege: mdiria anayening'inia juu ya maji, yangeyange, kwarara na korongo. Mtu akiketi kimya nusu saa asubuhi ataona wengi kuliko anayezunguka siku nzima.

Makindu iko mbele kidogo kwenye barabara iyo hiyo, na matembezi yake ni ya mtaani zaidi kuliko ya porini. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka wa 1926 katika mji huu uliokua na reli, hupokea wasafiri wa dini zote na kuwapa chakula bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, na usiingie na sigara wala pombe. Baada ya hapo unaweza kuzunguka mji na kutazama jinsi kijito kinavyolisha mashamba ya mboga na miembe katikati ya nchi kavu.

Njia iliyo bora ya Makueni, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ya Kibwezi. Chemchemi ya Umani hububujika ndani ya msitu wa Kibwezi, msitu wa maji ya ardhini ambao miti yake hukua mirefu isivyotarajiwa kwa kuwa mizizi inakunywa kutoka chini, si kutoka mawinguni. Maji huunda mto Kibwezi, ambao huenda kujiunga na Athi.

Tangu mwaka wa 2008 msitu huu umesimamiwa kwa ushirikiano wa Huduma ya Misitu ya Kenya na shirika la Sheldrick, ambalo pia hulea humo ndovu mayatima kabla ya kuwarudisha porini. Kwa sababu hiyo haifai kuingia ovyo. Pana ndovu na nyati, na anayetaka kutembea ndani sharti apate kibali na kuandamana na askari wa msitu. Asiyependa taratibu hizo anaweza kuufuata mto nje ya msitu, kupitia vijiji vya Kibwezi, ambako mifereji midogo hupeleka maji kwenye mashamba. Usafiri nao si mgumu, kwani treni ya abiria inayosimama vituoni kati ya Nairobi na Mombasa hupita Emali na Kibwezi.

Katika vijiji hivyo, na zaidi kwenye miteremko ya Makueni ya juu, utaona matuta yanayozunguka kilima kama ngazi. Ni yale yaitwayo fanya juu, jina la Kiswahili linalotumika hata katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na mvua zinavyopita tuta hujijenga lenyewe. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka wa 1994, ulionyesha kwamba katika wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni hadi 1992, watu walikuwa wameongezeka ilhali mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua.

Onyo moja kuhusu mto Athi wenyewe, unaopakana na kaunti hizi mbili. Una mamba na viboko, na hubeba taka za Nairobi. Utazame kutoka darajani au ukingo wa juu. Karibu na unapokutana na mto Thwake, serikali ilizindua mwaka wa 2018 ujenzi wa bwawa kubwa lililokusudiwa kuwapa maji wakazi wa Makueni, Kitui na Machakos.

Hadi ghubani

Athi hauachi safari Makueni. Baada ya kupokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, na ukaribiapo bahari huitwa Sabaki. Humwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi.

Mtu aliyetembea Kibwezi na Makueni ya juu atapata faida isiyo ya kawaida akifika huko, kwa kuwa atatambua rangi. Mvua inaponyesha bara, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka kahawia, na watalii waliofuata picha za bahari ya samawati hununa. Ile kahawia ni mashamba. Ni udongo uliotoka katika miteremko isiyo na matuta na kwenye kingo zilizoachwa bila mchanga wala miti. Matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka wa 1968, huhitaji mwanga, na tope huuzuia.

Hata hivyo, tope hilo hilo limejenga kwenye mlango wa Sabaki mojawapo ya sehemu bora za kutazama ndege katika pwani ya Kenya. Kati ya Oktoba na Aprili ndege wa pwani kutoka Ulaya na Asia hula katika matope yake, na wakati mwingine heroe hufika kwa makundi.

Matembezi huanzia karibu na daraja la barabara ya Malindi kwenda Lamu, hupita kando ya vijiji na mashamba, kisha hufuata ukingo hadi kwenye vilima vya mchanga vinavyotazama bahari. Ardhi ni tambarare. Waulize wenyeji saa za maji kupwa kabla ya kuondoka, kwani maji yakijaa sehemu ya matope huzama na ndege husogea mbali. Viboko wapo mtoni, kwa hiyo chukua kiongozi wa kijijini, na uwe umeondoka ukingoni kabla ya magharibi, saa ambayo huanza kutoka majini kwenda kula nyasi.